Karatasi Mlangoni mwa Friji

Mgeni wa chumba cha juu, karibu.
Ufunguo una kiburi: vuta mlango kwako kwanza,
kisha uzungushe polepole, kama unayembembeleza mbuzi.
Maji ya moto yapo. Mengi hayapo.
Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone.
Mimi napona Julai na Agosti;
miezi mingine najiuguza mwenyewe.

Bahari iko mwisho wa mtaa, nyuma ya misonobari.
Utaisikia kabla hujaiona,
nayo itakuuma vifundo kabla haijakusalimu.
Usiilaumu. Hii ni Baltiki, haikulelewa juani.
Nenda saa kumi na mbili asubuhi,
kabla watu wa bara hawajafika na nyundo
kukita vitambaa vyao vya kukinga upepo,
kila ukoo na kiwanja chake cha mchanga,
mistari ya buluu, mistari ya machungwa,
mpaka ufuo mzima unafanana na ofisi ya ardhi
siku ya kesi.

Panda mnara wa taa. Ngazi ni mia moja tisini na tatu.
Walerian wa mlangoni atakuambia ni mia mbili,
kwa sababu huhesabu na pumzi.
Juu utaona maji, na maji, na meli moja
isiyosogea mpaka uache kuitazama.
Utaliona na paa langu: bati jekundu, lina kiraka.
Kiraka kinachofuata utakilipia wewe.

Samaki, kwa Halszka tu,
kibanda kisicho na papa wa plastiki.
Mwombe wayo aliyetoka moshini sasa hivi,
umle kwa vidole, umesimama,
jicho moja juu. Shakwe wetu hawana adabu:
kiangazi kilichopita mmoja alimnyang'anya padri aiskrimu
mbele ya waumini wake,
na padri akatamka neno
ambalo mpaka leo tunalitumia.

Kaharabu usinunue gatini.
Kijana yule mwenye mizani inayong'aa
anauza chupa zilizoyeyushwa.
Ngoja usiku dirisha litakapogongagonga;
alfajiri shuka, chambua mwani kwa mikono.
Utafute kijiwe chepesi kuliko kinavyoonekana,
ukisugue kwenye sweta. Kikivuta unywele, ndicho.
Siahidi kitu. Miaka hamsini na minane niko hapa,
nimeokota vipande saba.
Cha nane nilikipoteza siku ileile.

Lile gurudumu kubwa la taa sijawahi kulipanda.
Usiniulize tiketi ni bei gani.
Likizo zenu ni mashuka yangu:
nafua, naanika, nakunja,
na bahari naisikia kama redio ya jirani,
habari zilezile, ukuta katikati.
Wahenga haohao walisema siku ya tatu mpe jembe.
Jembe sina. Siku ya tatu, lipa salio.

Lakini ukitaka kuuona mji huu, rudi Januari.
Vibanda vimepigiliwa mbao,
papa wa plastiki kafunikwa turubai, pua tu ndiyo iko nje,
mchanga umeganda, unalia chini ya viatu kama sukari.
Jumapili, saa tano, tunashuka:
mimi, Halszka, Walerian na goti lake bovu,
daktari wa meno na mama yake wa miaka themanini na moja,
nguo za kuogelea chini, kofia za sufu juu.
Tunarukaruka kwanza. Mtu husema leo hapana.
Kisha tunaingia,
tukipiga kelele kama kuku wanaokamatwa.
Dakika nne.
Ngozi inawaka moto, na deni la benki
hulikumbuki hata ukilipwa ulikumbuke.
Hapo, maji yako kidevuni,
Halszka huniuliza kila mara:
"Dobrochna, umeona?"
Sijui huulizia nini.
Nasema, nimeona.

Mchanga ukung'ute nje, tafadhali, si bafuni.
Taulo la kijani ni la mbwa.