Mstari wa Nne

Gathogo alipovifunga vihisio kumi na viwili
ndani ya kivungulio changu hapa Molo,
kila kimoja kadiri ya kiberiti,
alisema: Mama, sasa lala.
Nyanya zenyewe zitakuamsha.

Nikacheka. Miaka tisa nimepima joto kwa shavu
nikifunua pazia la nailoni alfajiri,
na udongo kwa kidole cha shahada, mpaka kifundo cha pili.
Baridi ya Molo haina adabu:
ikikuta mlango umefungwa, hupita ukutani.

Jumbe zikaja.
Mstari wa pili: udongo mkavu.
Mstari wa tisa: unyevu umezidi, fungua dirisha.
Maneno machache, kama ya mkaza mwana aliyenuna.

Kisha Julai, saa nane na nusu usiku:
Mstari wa nne. Joto limepanda nyuzijoto moja na nusu.
Unyevu umepanda. Hewa ukaa imepanda.
Betri, nikasema, nikageukia ukuta.
Usiku wa pili, saa ileile. Wa tatu.
Gathogo kwenye simu: Mama, mashine haioti ndoto.

Nikavaa gambuti, nikashika tochi.
Ukungu ulikuwa umeketi juu ya viazi vya jirani.
Ndani, mistari mitatu ya kwanza: majani, matone, kimya.
Katika wa nne, chini ya nyanya zilizoiva shavu moja,
Sigei, kibarua wangu wa kunyunyizia dawa,
juu ya magunia ya mbolea,
magoti kifuani, kofia usoni,
akipumua.

Kumbe ndicho kilichosomwa:
pumzi ya mtu asiye na mlango
imegeuzwa tarakimu, ikapanda mnarani,
ikashuka chini ya mto wangu.

Jana yake nilimuuliza, nyumbani hawajambo?
Akasema hawajambo, na mimi nikaridhika,
ilhali mshahara wake wa Mei ulikuwa unaning'inia pale juu,
kwenye waya, vipande kumi na viwili,
ukimhesabia pumzi.

Sikumwamsha. Nilizima tochi.
Nikabonyeza simu kwa kidole kilekile cha udongo:
mstari wa nne, kengele, ongeza nyuzijoto mbili.
Asubuhi nilimhesabia fedha, Mei na Juni,
nikaweka na ufunguo wa stoo juu yake.
Alizihesabu tena, polepole. Ufunguo akautazama tu.

Usiku ule simu haikulia.
Saa nane na nusu niliamka mwenyewe, nikaiwasha:
mstari wa nne, nyuzijoto tisa,
sawa na mingine yote.