Nyinginezo

Nimepewa karakana tatu nizipime:
Moshi, Mwanga na Same.
Nimepewa fomu za kurasa nne
na siku tisini za kuhesabu
mabasi yanavyoingia yakichechemea
na yanavyotoka, yakitoka.

Naandika. Klachi: siku tano.
Springi ya nyuma: kumi na moja.
Lori la halmashauri, lililoota mboga ya maboga kwenye bodi:
mia mbili na sita,
nalo kwa ubishi wake linaupandisha wastani
wa wenzake wote waliopona.
Mkuu kaandika pembeni: litoe kwenye hesabu.
Nimelitoa. Majani sikuyagusa;
Eliaichi wa stoo huyachuma kila Ijumaa.

Usiku, chumbani kwangu Pasua, nachora grafu
umeme ukikatika na kurudi.
Wiki hii Same hodari.
Wiki ya pili Mwanga, ya tatu Moshi,
halafu Same tena.
Uhodari ule ulikuwa unatembea
kama mtu mwenye tiketi.

Na ile safu ya kumi na mbili, "sababu ya kuchelewa":
vipuri, fedha, fundi mgonjwa,
na mwisho kabisa, nyinginezo.
Kati ya mia, nyinginezo arobaini na mbili.
Rasimu yangu ilikwishasema: uzembe.

Nikamwendea Ndewirwa. Yuko chini ya basi,
soli za viatu tu ndizo zinanitazama.
"Fundi, nyinginezo ni nini?"
Kimya. Kisha kicheko, kutoka huko kwenye giza la grisi.
"Spana."

Namba hamsini na tano, ya nati za magurudumu ya nyuma.
Moja, kwa karakana tatu.
Kila Jumatatu inavikwa gunia la mbolea,
inakabidhiwa kondakta,
inalipiwa nauli ya mtu mzima.
"Leo iko Same," akasema,
"ndiyo maana umenikuta nimelala."

Nilifuta uzembe. Nikaandika spana.
Makao makuu wakajibu kwa barua yenye mihuri miwili:
sampuli ya kitu kimoja
haithibitishi jambo lolote.

Jumatatu iliyofuata niliibeba mwenyewe hadi stendi,
bega likilalamika njia nzima.
Muuza vitunguu akaniazima mizani yake.
Kilo sita na robo.
Nimeiandika hiyo pia,
kwa wino, pembeni,
mahali ambapo fomu haikuuliza.