Ujira wa Panas

Biblia ya baba ilikuwa na alama mbili.
Bua la ngano, alilolilaza baba
pale Bwana anapotaka adui apendwe
na anayetuudhi aombewe.
Na uzi mwekundu wa mama, kurasa chache mbele,
pale Bwana yuleyule, kwa kinywa kilekile,
anawaambia wanafunzi wake:
wakiwafukuza mji huu, kimbilieni mwingine.

Jioni za baridi, jiko la matofali likiguna,
walibishana kwa Kijerumani chetu cha shambani
kama watu wanaokunja shuka moja,
huyu akivuta huku, yule kule,
na mimi Liese, mtoto wa miaka tisa, katikati,
nikingoja pembe zikutane.

"Nitampendaje mtu ninayempa kisogo?" aliuliza baba.
"Na utampendaje ukiwa maiti?" alijibu mama,
akaendelea kumenya viazi.

Kijiji chetu kilikaa kando ya Molochna,
nyika tupu, hata kilima cha kujifichia hakuna.
Vita vilikuwa vimeing'oa serikali kama jino,
na penye pengo wakapita wapanda farasi.
Miongoni mwao, watu walisema, yumo Panas.

Panas!
Aliyechunga farasi wetu,
aliyenifundisha kupiga mbinja kwa jani la tete,
aliyelala zizini, si chumbani,
akala baada yetu, si pamoja nasi.
Aliondoka akidai ujira wa miezi mitatu.
Baba alikuwa amesema: mavuno yakiuzwa.
Mavuno yaliuzwa.

Usiku ule mbwa wa kina Unrau walibweka,
kisha wakanyamaza wote kwa pamoja.
Mama alikwisha kupakia gari:
mablanketi, ndoo ya mafuta ya nguruwe,
cherehani kichwa chini miguu juu.
Baba hakutoka.
Nilimwona mlangoni, anachochea jiko,
anakata mkate, vipande kumi na viwili,
anahesabu noti mezani, anarudia kuhesabu.

"Gerhard," mama alisema, "huo si upendo. Hilo ni deni."
"Dawa ya deni kulipa," alisema baba.
"Hiyo nyingine bado siijui."

Tulikimbia bila taa.
Nyuma yetu madirisha yetu yakawaka,
moja, jingine, la tatu:
watu wanakula.
Baba aliomba kwa sauti ya chini, akimtaja Panas kwa jina.
Mama alichapa farasi.
Karibu na alfajiri ndipo aliponena:
"Tungebaki, angetuua.
Nimeunyima mkono wake damu yetu.
Nani kati yetu kampenda zaidi?"

Kornelius Unrau hakukimbia.
Alifungua mlango kabla haujagongwa.
Walizikwa siku ya tatu, yeye na wanawe wawili.
Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio,
lakini kwetu hakuna aliyecheka.
Baba hakugusa mkate mpaka masika,
maana nani angemwambia:
mkate wetu uliwachelewesha, tukapona?
Au uliwatia nguvu
za kuvuka ua hadi kwa jirani?

Leo nina miaka themanini na moja, Manitoba,
theluji imefika kwenye kizingiti cha dirisha.
Bua limekuwa vumbi. Uzi umechuja rangi
na kuacha mstari kama kovu ukurasani.
Mchungaji wetu kijana ananieleza hakuna mgongano:
hapa Bwana anasema na moyo, pale anasema na miguu.
Ni jibu zuri. Namwongezea chai.
Lakini usiku ule moyo na miguu
vilikuwa chini ya blanketi moja, vikitetemeka,
wala sikujua kipi ni kipi.

Na kuna jambo sijalipata kwenye bua wala kwenye uzi:
zile siku tisini zilizotangulia,
Panas akiwa bado si adui wa mtu,
amesimama mlangoni, kofia mkononi,
akiuliza kama mavuno yameuzwa.