Kiti Kitakachonilaza

Saa moja jioni nageuza kibao mlangoni,
nafagia.
Nywele za mwalimu wa hesabu, nyeusi tititi,
za kijana aliyeitwa jeshini, za bwana harusi wa kesho,
zote naziswaga hadi kwenye kizoleo.
Miaka kumi na saba nafagia hapa Ruse, karibu na forodha,
na humo hamna hata unywele mmoja wangu.

"Stoimen," wateja hunitania, "kinyozi hajinyoi,
lakini wewe umezidisha!"
Nacheka nao. Mkasi nao unacheka.
Kioo tu hakicheki: kinanionyesha nimesimama nyuma yao,
na balbu inajitazama utosini mwangu.

Usiku mmoja nikamwaga kopo la poda juu ya meza.
Radka akahesabu leva, mara mbili, akilamba kidole.
Kisha akatazama juu, pale vigae vinapovuja.
"Tuezeke paa lipi kwanza, la nyumba au la kichwa chako?"
Tulicheka mpaka chai ikapoa.
Alipoinuka kuosha vikombe, akiwa amenipa mgongo,
akasema: "Ndoo itatosha mwaka mmoja zaidi."

Sikulala.
Wanasema akili ni nywele, kila mtu ana zake.
Je, anayekwenda kuzihamisha zake
anahamisha na akili?

Daktari Nermin wa Istanbul alinitazama kwa simu,
geuka, inama, sogea kwenye mwanga.
"Kisogo chako si kisima kisichokauka," akasema.
"Nitachukua vishina elfu mbili na mia tatu, nyingine tuziache akiba.
Na paji la kijana wa miaka ishirini sikuchorei.
Una arobaini na tisa."
Wengine watatu walikuwa wameniahidi msitu.
Huyu alininyima,
nami nikamwamini hapo hapo.

Basi nimeandika, nyuma ya karatasi ya bei za kunyoa:
Februari, wateja wakiwa wachache.
Basi la usiku kwenda, basi la usiku kurudi,
na mto wa shingo, ule wa Radka wa buluu.
Mashati ya vifungo, yasiyopitia kichwani.
Maji ya chumvi ya kupulizia, kila saa, hata nikisinzia.
Siku ya tatu uso utavimba hadi machoni: wajukuu wasije.
Mlango wa ghala ni mfupi. INAMA. (Nimepigia mstari.)
Tsonko aambiwe mapema asilete rakia yake ya plamu,
na akija nayo, basi ainywe mwenyewe, barazani.
Kofia hapana. Baridi nayo?
Hapo nimeacha nafasi.

Na kulala, daktari kasema, nusu kuketi,
usiku saba, kichwa kisiguse kitu.
Nikazunguka nyumba nzima nikipima mito,
kumbe ninacho chini, dukani,
kile cha chuma nilichoachiwa na fundi Gencho,
vuta mkono wake wa kushoto, kinajilaza taratibu,
kinakoma palepale panapotakiwa.
Maelfu nimewalaza humo, shingo wazi, macho juu,
mimi mwenyewe sijawahi.
Nitalitazama dari lile usiku kucha
nijue wamekuwa wakiona nini.

Vigaga vitabanduka siku ya kumi.
Halafu, wiki ya nne, zitadondoka,
karibu zote nilizonunua.
"Usilie," kasema daktari, "mizizi imelala tu.
Hesabu miezi minne, ndipo zianze; mwaka, ndipo ujione."
Radka ameyaandika hayo kwenye mlango wa jokofu
kwa herufi kubwa, maana ananijua.

Ila jioni hiyo ya wiki ya nne
nitageuza kibao, nitafagia polepole,
nitachutama na kizoleo chini ya taa,
nitafute, kati ya za mwalimu na za bwana harusi,
zile fupi, zenye mvi,
zangu.