Saa Ishirini na Moja

Hapa Montevideo, nyuma ya kiwanda cha ngozi kilichofungwa,
tulijenga nyumba thelathini na mbili
bila yeyote kujua ipi ni yake.
Ndiyo ilikuwa sheria:
saa ishirini na moja kwa wiki, kila kaya,
uwe na mgongo mzima, uwe na mgongo mbovu,
na kura siku ya mwisho, rangi ikishakauka.
"Ajuaye chake," alisema Nibia, mweka hazina,
"hukichanganyia zege kwa mikono miwili.
Cha mwenzake, kwa kijiko."

Nikaapa pamoja nao. Kisha nikadanganya.

Nilishaichagua kumi na nne,
ile ya pembeni, jua la asubuhi linaingia mpaka jikoni.
Jumapili, wenzangu wakila,
nilijipenyeza humo na mwiko wangu,
nikausawazisha ukuta ukawa shavu la mtoto,
nikaandika kwa msumari, chini, karibu na sakafu,
jina la binti yangu, Yamila,
nikalifunika kwa plasta
kama mtu anayefukia pesa.

Namba tatu niliijenga siku ya hasira.
Julai, baridi ya mtoni inakata masikio,
na Hebert, dereva wa basi, amekosa zamu tena,
tunamdai saa tisa.
Tofali, tusi, tofali, tusi,
ukuta ukatoka na kitambi.
Nikasema: potelea mbali. Si yangu hii.

Kura zilitolewa kwenye sufuria ya Zulma,
ileile ya kuchemshia dengu za mchana.
Mkono wangu ukatoka na tatu.
Mkono wa Hebert, kumi na nne.

Sikulia. Nilicheka hadi wakanishika.

Mwaka wa kumi na moja huu.
Kabati langu haliegemei ukuta,
lina mwanya wa kuficha ufagio.
Alhamisi tunakaa ukumbini, nyumba moja kura moja,
mhasibu wa benki na mfua nguo, mkono ni mkono,
na chai chungu inazunguka kwenye kibuyu kimoja.
Bomba la maji machafu lilitula saa nne.
Mbwa wa Zulma, miezi miwili.
Nimeshindwa mara nyingi kuliko nilivyoshinda,
na kesho yake nikapaka kuta rangi niliyoipinga,
kijani kile cha kamasi.
Nikaipaka vizuri.

Alikuja kijana mmoja, viatu vinang'aa, kalamu nzito.
"Mama, hii unaiuza bei gani?"
Haiuzwi, nikamwambia. Nina hisa, nina ufunguo,
na Yamila atarithi zamu zangu.
Anayetaka kuhama hurudishiwa jasho lake,
hesabu anazo Nibia,
mlango unabaki.
"Kwa hiyo si yako."
Nikatafuta neno la kumpa.
Yetu ni fupi kuliko yangu kwa herufi moja tu,
lakini ilimkwama kooni kama mfupa.
Na nyumba, ikiwa moja, ni nyumba;
zikiwa thelathini na mbili, ni nyumba.
Sikujua namna ya kumweleza hilo
akiwa amesimama, anatazama saa.

Jana Hebert alinigongea.
Unyevu umepanda kwake, plasta imebanduka,
chini, karibu na sakafu.
Alishika kipande kiganjani kama mkate uliovunjika.
"Hii Y," akasema, "naijua. Ndiyo unayosainia mahudhurio ya binti yako."
Tukatazamana.
Zile saa tisa zilisimama katikati yetu, zimezeeka.
"Sijui," akasema, "nilipe deni langu,
au nianze kukudai wewe."

Nikachukua mwiko, nikamfuata.
Mlangoni kwake, kabla sijainama,
alifungua daftari la zamu,
akaandika saa niliyoingia.