Ngazi za Kushuka

Mama, nilidhani ndege imezunguka ikanirudisha Goma:
jiwe lilelile, la kijivu, lenye vitundu
kama mkate uliochacha kupita kiasi,
na mlima nyuma ya paa za watu
ukivuta moshi wake wa asubuhi
kama mwenye kiwanja anayekagua wapangaji.

Nilitumwa kujifunza kusikiliza volkano.
Siku sita za juma nilikesha na sindano
zinazoandika kikohozi cha Merapi.
Jumapili nilikuwa wangu mwenyewe.

Nikapanda Borobudur.
Mawe milioni mbili, wanasema, bila kijiko cha saruji,
jiwe limeshika jiwe kama vidole vya anayesali.
Nilizunguka ukuta wa kwanza, wa pili, wa tatu,
na kuta zote zimejaa watu wa kuchongwa:
mwenye mzigo, mpiga ngoma,
mwanamke aliyeinamia chungu.
Huyo nilimwonea huruma. Miaka elfu na mia mbili
na chakula hakijaiva.

Kasri la sultani ni kimya kilichofagiliwa.
Wahudumu wanakaa chini, miguu mitupu,
jambia limechomekwa nyuma, kiunoni,
ili mkono usilifikie kwa hasira,
aliniambia Pak Wagiyo, anayehudumu humo tangu ujana.
Na kuna nakshi za nguo, akasema,
zamani zilikuwa za mfalme na ukoo wake tu;
mwingine akizivaa, anarudishwa mlangoni.

Hapo ulicheka, Mama, hadi kibanda kikatikisika.
Wewe wa soko la Virunga, miaka thelathini
ukimpimia kitenge yeyote mwenye franga,
mke wa kanali na mama wa kuponda kokoto.
Ulisema mgongo ni mgongo.
Halafu: "Na bale bazee ba kukaa chini, banalipwaga?"
Kidogo, nikajibu. Zaidi ni heshima.
"Aa. Basi ni kama bamwalimu ba kwetu."

Nikafungua begi, nikakupa batiki,
mbele na nyuma rangi moja, nta ingali inanukia.
Ukaigeuza, ukaivuta pindoni, ukainusa
kama unavyonusa samaki wa Kituku.
Nami nikakwambia nililolijua kulekule:
kwamba kitenge chako ni mjukuu wa kitambaa hiki,
Waholanzi walikiiga kwa mashine,
kikavuka bahari hadi Afrika, kikakaa mezani pako.
Ukanyamaza kidogo.
"Kumbe miaka yote niliuzishaka bajukuu ba mfalme."

La mwisho sikutaka kulisema.
Kuna hekalu, Sambisari. Mlima ulilifunika kwa majivu,
likasahaulika hata jina.
Mkulima alikuwa analima shamba lake,
jembe likagonga jiwe, na jiwe lina nakshi.
Leo ukilitembelea hupandi. Unashuka.
Nilishuka ngazi zile, mashamba yakabaki juu ya kichwa changu,
na mle shimoni, Mama, nilisikia harufu ya maharage.

Maharage ya Januari elfu mbili na mbili,
yaliyobaki motoni Birere
tulipokimbia, cherehani kichwani pako,
hapana, cherehani uliiacha mlangoni;
ulirudi hatua mbili, ukaitazama,
ukanibeba mimi.
Nyumba ipo palepale, imelala chini ya lava,
na juu yake kuna duka la simu
na fundi wa chukudu anayepiga misumari kutwa.

Uliinama ukapuliza makaa ambayo hayakuhitaji kupulizwa.
"Siku moya mutu atachimba choo," ulisema,
"atagonga ile mashine yangu.
Atasema: hapa kulikuwaka malkia."

Ukaikunja batiki mara nne, ukaikalia.
Kesho yake mteja aliona pindo lake, akauliza bei.
Ulimtajia bei ya mtu asiyetaka kuuza.