Fundo la Shoto

Mpwa wangu Hemedi kaja Wete na kompyuta
na neno moja jipya: chapa.
"Shangazi, halua yako haina sura.
Tuichoree mnazi, jua linazama,
boksi la dhahabu."

Nikamwambia: fumba macho.
Nikampa kikapu.
Papasa ukili. Fundo limelalia wapi?
"Kushoto."
Basi. Mama alikuwa shoto,
nami niliufuata mkono wake,
sikuunyoosha.
Melini Mkoani, taa zikizimika,
watu hupapasa mifuko ya wenzao:
"Hii ya Bi Mize, wa Bopwe!"

Sijaganda, lakini.
Mwaka juzi nilitia doriani;
paka wa Limbani walihama mtaa.
Sufuria nzima nikaifukia, na hasara yake.
Mwaka huu tangawizi, na chumvi chembe,
watoto wameramba mwiko hadi mpini.
Ndani nitavuruga nitakavyo.
Fundo, hapana.

Hemedi kaifunga kompyuta,
kavuta kibao, kashika ukili.
La kwanza likaenda kulia.
Fungua, nikamwambia.

Isha imeadhiniwa,
bado anafungua.